Tarantula mchanga hataki kula: dalili, sababu na mdudu wa kumpa

Wafugaji wa tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya, hubishana sana kuhusu aina ya mdudu wa kuwalisha: nyenje au mende, funza au inzi wa matunda. Buibui mwenyewe hana ubishi huo. Wote hao huwala. Kinachokwamisha mara nyingi ni mambo matatu: mdudu ni mkubwa mno, mdudu yu hai wakati angefaa awe amekufa, au ametiwa ndani siku isiyo yake, buibui akiwa karibu kujivua gamba. Mdudu hatari kuliko wote ni yule aliyesahauliwa ndani ya kikopo anamofugwa buibui.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha aina ya chakula, pima. Weka rula nje ya kikopo, usawa na buibui, usome urefu wa mwili kuanzia mbele ya chonge hadi mwisho wa tumbo. Miguu usiihesabu. Wauzaji wengi hutaja upana wa miguu iliyonyooshwa, na huo ni kama mara mbili ya mwili au zaidi. Tarantula anayetajwa kuwa wa sentimita 2 huwa na mwili wa sentimita 1 hivi, au pungufu kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanamnunulia mdudu wa kulingana na miguu.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: mdudu aliye hai asizidi urefu wa tumbo la buibui. Spishi zenye pupa, kama Pterinochilus murinus, huweza kumwangusha mdudu aliye sawa na mwili mzima, ila kwa mdogo ambaye bado hujamjua, anza na tumbo. Funza laini anaweza kuzidi kidogo kwa kuwa hana mateke wala taya kali za kujitetea akishapondwa kichwa. Mdudu aliyekufa hana kipimo, kwani tarantula wachanga hula mizoga bila kusita.

Kwa mwili ulio chini ya milimita 4, hasa wale wa jenasi ya Cyriocosmus ambao huanguliwa wakiwa wadogo kama nukta, chakula cha kuaminika ni inzi wa matunda wasioruka wa spishi ya Drosophila melanogaster (milimita 2 hivi), vidudu vyeupe virukaji vya udongo wa kundi la Collembola, au kipande cha mguu wa nyenje. Kuanzia milimita 4 hadi 8, mpe Drosophila hydei, ambaye ni mnene zaidi (milimita 3 hivi), nyenje wa siku chache tangu kuanguliwa, au vitoto vya mende wa Blatta lateralis. Akishafika sentimita 1 uwanja unafunguka: nyenje wa milimita 5 hadi 8, vitoto vya mende wa Dubia (aina ya mende wanaofugwa), funza wa unga wadogo. Zaidi ya hapo ni kuongeza ukubwa tu kila anapojivua.

Anamkimbia mdudu, au anainua miguu ya mbele

Mdudu anasogea, buibui anarudi nyuma. Mdudu anamgusa mguu, buibui anaruka au anajikunyata kwenye kona na kuifunika sehemu ya mbele kwa miguu. Hiyo ni hofu, na wala haina uhusiano na shibe. Tarantula haoni vizuri. Anasoma ulimwengu kwa mitetemo inayopita kwenye udongo na utando. Nyenje mzito anayetembea kwenye kikopo cha kipenyo cha sentimita 5 hutikisa sakafu nzima, na kwa buibui wa milimita 6 mtetemo huo ni wa mla watu, si wa mlo.

Mtoe huyo mdudu mara moja. Mwache buibui siku mbili bila kumsumbua, kisha mpe kilichokufa. Njia inayoshindwa mara chache ni mguu wa nyuma wa nyenje, ule wenye paja nene. Mponde nyenje kichwa kwa kibano, shika mguu karibu na kiwiliwili uuvute. Hung'oka mzima, na mahali ulipong'okea huachwa wazi na unyevu unaong'aa. Uweke juu ya udongo mkavu sentimita 1 hivi kutoka mdomo wa shimo, sehemu iliyo wazi ikielekea kwa buibui. Fanya hivyo jioni, kisha punguza mwanga.

Ukitazama kwa tochi hafifu utamwona akitoka kwa kusitasita, mguu mmoja wa mbele ukigusa na kurudi, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha vipapasio viwili vifupi vya mbele vinaushika mguu, chonge zinazama, na anaganda hapo hapo kwa saa kadhaa. Huo ndio ulaji wake: anamwaga vimeng'enya juu ya nyama, anakandakanda kwa chonge, anafyonza uji. Asubuhi paja litakuwa jepesi na tupu kama kishina cha mrija, au halipo kabisa kwa kuwa ameliburuta shimoni.

Kwa funza wa unga, yaani buu wa Tenebrio molitor, ponda kichwa kwanza kisha mkate kwa wembe vipande vya milimita 3 hadi 5. Kipande cha mbele chenye kichwa kitupe, kwa sababu kichwa kikiwa hakikupondeka vizuri, kinaweza kuendelea kutambaa na taya zake bado hung'ata. Vipande vya katikati hujipindapinda kwa dakika chache, na mtikisiko huo mdogo ndio unaomwita buibui mwoga.

Kuna hofu ya uongo pia. Spishi za mitini kama Caribena versicolor hazishuki sakafuni kwa hiari wakati wa udogo. Mdudu anayezunguka chini hawamfuati, nawe unadhani wamekataa. Weka chakula juu, kwenye utando wenyewe au kwenye gome karibu na mdomo wa kijumba chao. Kinyume chake hutokea kwa inzi wa matunda: wao hupanda moja kwa moja hadi kwenye kifuniko, na buibui wa shimoni anabaki na njaa inzi watatu wakiwa juu ya kichwa chake. Tia kichupa cha inzi kwenye friji dakika tatu hadi tano mpaka wazubae, kisha mwage wawili au watatu chini kabisa, karibu na shimo. Au wabane kidogo kwa kibano. Inzi aliyevunjika miguu hapandi popote.

Hajala kwa wiki mbili, tatu, nne

Tazama tumbo kabla ya kutazama kalenda. Tumbo likiwa nene, limekaza na linang'aa, buibui hana njaa. Karibu kila mara anajiandaa kujivua gamba. Dalili huja pamoja: mwendo unakuwa mzito, rangi inafifia au kuwa nyeusi kuliko kawaida, na mlango wa shimo unazibwa kwa udongo na utando. Kwa spishi za Amerika zenye nywele za kuwasha, kidoa kisicho na nywele nyuma ya tumbo hubadilika kutoka rangi ya nyama hadi nyeusi. Weusi huo ni nywele mpya zinazoonekana chini ya gamba la zamani.

Kwa tarantula mdogo kabisa kipindi hiki huwa cha siku chache hadi wiki mbili tatu. Kwa wanaokua polepole, kama Grammostola na Aphonopelma, mgomo wa miezi si jambo la kushtua, hata akiwa mdogo. Usichimbe shimo lililozibwa. Usimtupie mdudu hai "kwa kujaribu", maana mdudu huyo ndiye atakayekuwa naye atakapolala hoi. Jaribio salama ni kipande kilichokufa kila baada ya siku nne au tano, kinachowekwa jioni na kutolewa asubuhi kama hakikuguswa. Maji yawepo siku zote.

Ukimkuta amelala chali, miguu imetanuka, huyo anajivua. Kaa mbali. Usimgeuze, usimnyunyizie maji, usimguse kwa brashi. Kwa mdogo kazi hiyo huchukua dakika kadhaa hadi saa chache.

Baada ya kujivua chonge huwa nyeupe na laini, kisha huwa nyekundu, mwishowe nyeusi. Zikiwa nyeupe hawezi kutoboa kitu, na mdudu hai anaweza kumjeruhi kwa sababu mwili mzima bado ni laini. Kwa buibui wa chini ya sentimita 2 ya miguu, subiri siku tatu hadi tano. Kwa aliyezidi sentimita 3 au 4, wiki moja au zaidi. Kama huoni rangi ya chonge kwa udogo wake, ongeza siku mbili. Hakuna aliyepoteza buibui kwa kuchelewa siku mbili.

Je, tumbo si nene na bado anakataa? Hapo zipo sababu tatu za kuondoa, kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni kuhamishwa: aliyefika jana, au aliyebadilishiwa kikopo wiki hii, huweza kukaa wiki moja au mbili bila kula mpaka atandaze utando wake. Ya pili ni baridi. Kati ya nyuzi 22 na 27 za selsiasi wengi hula vizuri; chini ya 20 mmeng'enyo unapungua na hamu hupungua nao. Pandisha joto la chumba. Taa ya joto juu ya kikopo kidogo usiiweke kamwe, itamkausha kwa saa chache. Ya tatu ni kiu, na hiyo ina sehemu yake hapa chini.

Mdudu ametoweka lakini tumbo halijanenepa

Usihesabu kuwa ameliwa. Funza wa unga akigusa udongo hujichimbia ndani kwa muda mfupi tu, na wiki chache baadaye hutokea akiwa mdudu mweusi mwenye mabawa magumu. Kati ya hapo amekuwa chini ya sakafu ya buibui wako, mwenye taya, mwenye njaa. Mende wa Dubia ana mchezo mwingine: akihisi hatari huganda kama kijiwe au hujifukia, na buibui anayetegemea mtetemo hamtambui hata akiwa umbali wa mguu.

Dawa ni moja kwa wote wawili: ponda kichwa kabla ya kumtia. Funza aliyepondwa kichwa hubaki akijipinda bila kuchimba. Mende aliyepondwa hutingisha miguu kwa muda, na hiyo inatosha. Njia nyingine kwa funza ni kumweka kwenye kizibo cha chupa kisichopandika kwa urahisi, ila kwa buibui wa shimoni kizibo huwa mbali na mlango.

Kama Dubia wanakuchosha, Blatta lateralis hatulii. Anakimbia muda wote, na mbio zake ndizo zinazomfanya avutie. Kwa mtu mwenye mikono mizito ana hatari ya kutoroka wakati wa kufungua kifuniko; mtie kwenye friji dakika chache kwanza.

Mlo ulioliwa kweli huacha ushahidi. Tafuta kitonge kidogo cheusi chenye vipande vya maganda na miguu, kimesokotwa na utando, kwa kawaida kwenye kona ya mbali na shimo au kwenye chombo cha maji. Pasipo na kitonge baada ya siku mbili, na tumbo liko vile vile, chukulia kuwa mdudu yumo. Mtafute.

Buibui ana jeraha, au amekufa na mdudu yu hai

Nyenje hula kila kitu. Akikosa chakula na maji ndani ya kikopo, mwili laini wa buibui anayejivua ni nyama na maji kwa pamoja. Huanzia miguuni au tumboni. Funza wa unga na yule mkubwa wa Zophobas morio hufanya vivyo hivyo kutokea chini.

Kanuni hapa haina msamaha: mdudu hai ambaye hajaliwa atolewe ndani ya saa 24, na kwa buibui ambaye tumbo limejaa, usilale naye ndani hata usiku mmoja. Andika tarehe kwenye kifuniko kwa penseli au kipande cha karatasi. Mwenye vikopo ishirini hakumbuki.

Tone la maji ya mwili likionekana kwenye mguu, buibui mara nyingi huweza kuokoka. Hujikata mguu mwenyewe kwenye kiungo cha karibu na mwili, na mguu mpya huota kwa awamu mbili tatu za kujivua. Jeraha la tumboni ni baya zaidi. Mtu hugusisha wanga wa mahindi kwa ncha ya brashi ili kuziba tundu dogo, kisha anamwacha kwenye utulivu na maji karibu. Usimlishe mpaka ajiegemeze vizuri na kutembea.

Vinyenje vidogo vimejaa na hukuvitia wewe

Hili huwashangaza wengi. Nyenje jike aliyekomaa ana kitu kama sindano ndefu nyuma ya mwili, na kwa hiyo hutaga mayai ndani ya udongo wenye unyevu. Akikaa usiku mmoja kwenye kikopo, baada ya wiki mbili hivi vitoto vya milimita 2 vinaanza kutoka. Kwa buibui mdogo ni baraka kidogo. Kwa buibui anayejivua ni kundi la watafunaji. Toa udongo wa juu sentimita 2 kisha ubadilishe, na toka hapo tumia nyenje wachanga wasio na sindano hiyo, au madume.

Ukungu mweupe, harufu, utitiri, vinzi vyeusi

Vyote vinne vina mzizi mmoja: mabaki kwenye unyevu. Kikopo cha tarantula mchanga lazima kiwe na upande mmoja wenye unyevu, kwa hiyo mguu wa nyenje uliosahaulika huota manyoya meupe ndani ya siku mbili. Toa kitonge kila asubuhi baada ya mlo. Ukungu ukiwa mahali pamoja, chota udongo wake kwa kijiko pamoja na sentimita 1 ya kuzunguka, kisha ongeza matundu ya hewa. Matundu yawe madogo kuliko kifua cha buibui. Tundu la pini iliyopashwa moto linatosha, na inzi wa matunda hawapiti kirahisi.

Vidudu vyeupe vinavyoruka vikiguswa ni Collembola, na hao ni wasafishaji wako. Waache. Utitiri hauruki; hutambaa polepole kama vumbi la unga, hukusanyika kwenye mabaki, na mara nyingi umeingia pamoja na pumba za funza au kichupa cha inzi. Ukiwa udongoni tu, kausha kikopo kwa siku kadhaa huku maji yakibaki kwenye kizibo, na toa kila mabaki. Ukiwa umejibana kwenye viungo vya miguu, kuzunguka mdomo, au chini ya tumbo kwenye mapafu, mhamishe buibui kwenye kikopo kipya na udongo mpya. Usitumie dawa ya kuua utitiri. Buibui ni ndugu wa utitiri, na dawa haiwatofautishi.

Kabla ya kumtoa funza kwenye pumba na kumpa buibui, mpepete kwenye chujio la chai ili vumbi lianguke. Ni sekunde kumi.

Tumbo limekuwa kubwa kama zabibu

Kula sana hakumuui tarantula mchanga. Kunamharakisha kujivua, basi. Hatari ni ya kuanguka: ngozi ya tumbo lililotanuka ni nyembamba, na kuanguka kwa urefu wa sentimita chache kunaweza kuipasua. Tumbo likiwa sawa na kifua au mara moja na nusu, liko vizuri. Likikaribia mara mbili, acha kumlisha mpaka ajivue, na hakikisha nafasi kati ya udongo na kifuniko haizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake kama ni wa ardhini.

Ratiba inayotosha kwa mchanga ni mlo mmoja kila siku tatu hadi saba. Akifika sentimita 5 ya miguu, siku saba hadi kumi. Funza wa nta, Galleria mellonella, ana mafuta mengi sana; huyo ni wa kumpa mara moja baada ya muda mrefu, au kwa aliyekonda baada ya kujivua, si chakula cha kila wiki.

Tumbo limesinyaa ingawa anakula

Tumbo lenye makunyanzi kama zabibu kavu ni kiu kwanza, njaa baadaye. Wadudu wana maji ndani yao ila hayatoshi, hasa nyenje waliokaa siku tatu kwenye boksi kavu. Kwa kikopo kidogo, lowesha theluthi moja ya udongo kwa matone yanayotiririka ukutani, na weka kizibo kidogo cha maji mara tu nafasi inaporuhusu. Udongo wa vumbi la makumbi ya nazi ukiwa umekauka kabisa husukuma maji yakakaa juu. Tia polepole mpaka yazame.

Tofautisha hali hii na ile mbaya zaidi. Buibui amesimama wima, si chali, na miguu imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Tarantula hana misuli ya kunyoosha viungo viwili vikubwa vya mguu. Hunyoosha kwa msukumo wa maji ya mwili. Maji yakipungua, msukumo unapotea, miguu inakunjika. Muweke ukingoni mwa maji yasiyozidi kina cha milimita 1 au 2, sehemu ya mbele ikigusa maji kwa kuwa mdomo uko chini katikati ya chonge, na tumbo likibaki pakavu kwa sababu mapafu yako upande wa chini wa tumbo. Mpe saa kadhaa. Chakula si cha wakati huu.

Anatetemeka, anayumba, anatembea kama amelewa

Shuku sumu. Maswali ya kujiuliza ni machache: mdudu wa mwisho alitoka wapi? Kuna dawa ya mbu au ya mende iliyopuliziwa chumbani? Mikono ilishika mbwa au paka aliyepakwa dawa ya viroboto na kupe? Dawa hizo zimetengenezwa kuua jamii yake, na kiasi kilichobaki kwenye kidole kinamtosha buibui wa milimita 6.

Ndiyo sababu panzi, mende na nyenje wa kuokotwa nje au jikoni hawafai, hata wakionekana wazima. Mende wa nyumbani anaweza kuwa ametembea juu ya dawa jana na asife mpaka kesho. Wadudu wa porini hubeba pia minyoo na vimelea. Orodha ya wasiofaa kabisa iwe na siafu na sungusungu wa kila aina, nyuki, nyigu, tandu, buibui wengine, na mdudu yeyote mwenye rangi kali za kuonya.

Ukishamshuku, mhamishie kwenye kikopo kisafi chenye karatasi nyeupe na maji, tupa kundi zima la wadudu wale, na usilishe kwa wiki. Osha mikono kwa sabuni isiyo na manukato makali kabla ya kugusa kibano, kila mara.

Wadudu wenyewe wanakufa au wanaruka

Nyenje wanaokufa kwa wingi boksini kwa kawaida wana unyevu uliozidi na hewa iliyopungua. Wape boksi refu lenye matundu mapana yaliyofunikwa kwa wavu wa chuma, kwa sababu wa plastiki huutafuna. Weka trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimama wima, na kipande cha karoti badala ya bakuli la maji, maana huzama hata kwenye maji ya kina cha ukucha. Saa 24 kabla ya kulisha, wape karoti iliyooshwa na pumba za ngano. Unga wa kalsiamu wanaopakwa wadudu wa mijusi hauhitajiki hapa: buibui hana mifupa, gamba lake ni protini na kitini, yaani dutu ngumu ya magamba ya wadudu.

Funza wa unga hukaa wiki nyingi kwenye sehemu ya friji yenye nyuzi 8 hadi 10, wakitolewa mara moja kwa wiki wale siku nzima. Zophobas usiwaweke kwenye friji, hufa.

Na kama inzi wako wasioruka wameanza kuruka, inzi wa nje ameingia kwenye kichupa. Ulemavu wa mabawa hufichika wanapochanganyika, kwa hiyo kizazi kinachofuata kinazaliwa na mabawa kamili. Tupa kichupa hicho, anza kingine kutoka kwenye kundi safi, na weka tarehe: melanogaster hukamilisha mzunguko kwa siku kumi hadi kumi na mbili kwenye joto la nyuzi 25, hydei kwa karibu wiki tatu. Anzisha kipya kila wiki moja kwa wa kwanza, kila wiki mbili kwa wa pili, ili siku buibui anapofungua mlango wa shimo chakula cha milimita 2 kiwepo.